Mtoto ana pumzi, je, ana nguvu?

Wazazi wengi huhofia kwamba mazoezi ya nguvu humdumaza mtoto. Wataalamu wanasema yakipangwa vizuri humsaidia kukimbia, kuruka na kurusha vizuri zaidi, na hayahitaji vyuma wala gharama.

UKIMUULIZA mzazi wa Dongobesh, Haydom, Endasak au Bassotu kama mwanawe anafanya mazoezi, anaweza kukucheka. Mtoto anaamka alfajiri, anapanda na kushuka vilima kwenda shule, akirudi anachota maji na kufuata mifugo. Msimu wa kilimo ukifika anashika jembe. Mazoezi gani tena?

Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Mtoto anayetembea kila siku kwenye nchi ya milima kama Mbulu na Hanang hujenga moyo na mapafu imara. Ana pumzi. Anaweza kucheza mpira hadi jua lizame na kesho yake akarudia.

Lakini pumzi na nguvu ni vitu viwili. Pumzi humwezesha mtoto kuendelea kwa muda mrefu. Nguvu ni uwezo wa misuli kusukuma, kuvuta, kuinua na kusimamisha mwili pale inapohitajika. Mtoto anaweza kukimbia kilomita 5 bila kupumzika, lakini ukimwambia aning'inie kwenye tawi la mti kwa sekunde 10 akashindwa. Mwingine akiruka, magoti yake hugongana wakati wa kutua. Huyo hana tatizo la pumzi, kilichopungua ni nguvu na namna ya kuutumia mwili.

Wapo pia watoto ambao hata hiyo pumzi imeanza kupungua. Katika miji ya Mbulu, Katesh na Haydom, baadhi ya watoto hupelekwa shule kwa bodaboda au basi. Wengine wapo bweni, ambako muda mwingi huishia darasani na kwenye masomo ya ziada. Wakirudi likizo, simu ya mzazi ndiyo mchezo wao.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomfanya apumue kwa kasi. Unaongeza jambo ambalo wazazi wengi hawalisikii: angalau siku 3 kwa wiki, shughuli hizo ziwe pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa.

Nchi ya wakimbiaji

Katika eneo hili, ukitaja michezo watu wengi hufikiria mbio, na si bila sababu. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, na hadi leo dunia inamkumbuka.

Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 jijini Edmonton, kisha mita 10,000 mwaka 1982 jijini Brisbane. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu, jirani kabisa na Mbulu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 mjini Christchurch.

Majina haya yanawapa watoto wetu fahari na mfano wa kufuata. Lakini yametufanya pia tuone kuwa mtoto akikimbia inatosha. Shuleni asubuhi kuna mchakamchaka, jioni kuna mpira, na mashindano yakikaribia ni mbio tena. Mikono, mgongo, tumbo na nyonga havipewi kazi iliyopangwa.

Hata kwa yule anayeota kuwa Shahanga wa kesho, hilo ni pengo. Kila hatua ya mkimbiaji ni kuruka kidogo na kutua kwa mguu mmoja. Goti, nyonga na kifundo hupokea uzito wa mwili maelfu ya mara katika mbio moja. Misuli inayovishikilia ikiwa dhaifu, mtoto huchoka mapema, hukimbia kwa kupinda na huumia kirahisi.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2011, watafiti wakiongozwa na Michael Behringer wa Ujerumani walikusanya matokeo ya tafiti 34 zilizowahusisha watoto na vijana 1,432. Walitaka kujua kama mazoezi ya nguvu hubadilisha kitu nje ya chumba cha mazoezi, yaani kama mtoto aliyeyafanya anakimbia, anaruka na anarusha vizuri zaidi kuliko yule ambaye hakuyafanya.

Jibu lilikuwa ndiyo. Kukimbia na kuruka kuliboreka kwa kiwango cha wastani, na kurusha kuliboreka zaidi ya vyote. Jambo jingine walilogundua linapaswa kuwagusa wazazi wa kawaida: waliofaidika zaidi walikuwa watoto wadogo kuliko wakubwa, na wasio wanamichezo kuliko wanamichezo. Kwa maneno mengine, anayehitaji zaidi mazoezi haya ni yule anayewekwa golini kwa sababu hajui kukimbia, kuliko nyota wa timu ya shule.

Kwa watoto ambao hawajawahi kufanya mazoezi ya aina hii, programu ya wiki 8 hadi 20 kwa kawaida huongeza nguvu kwa takriban asilimia 30 juu ya ile inayoletwa na ukuaji wenyewe.

Mzazi anaweza kushangaa akiona mtoto ameongezeka nguvu lakini mikono yake ni ileile myembamba. Hilo ni la kawaida. Kabla ya balehe, mwili hauna homoni za kutosha za kukuza misuli kwa kiasi cha kuonekana. Kinachobadilika ni mawasiliano kati ya ubongo na misuli.

Fikiria kwaya mpya ya kanisani. Ina waimbaji 40, lakini siku ya kwanza 15 tu ndio wanaoingia kwa wakati, wengine wamechelewa, wengine wananyamaza kwa woga. Baada ya mazoezi ya miezi miwili, waimbaji ni walewale 40, ila sasa wote wanaingia pamoja na sauti inajaza kanisa. Misuli ya mtoto nayo ni hivyo. Mazoezi huufundisha ubongo kuita nyuzi nyingi zaidi za misuli, kwa wakati mmoja na kwa mpangilio. Ndiyo maana faida huonekana katika kuruka, kurusha na kusimama imara.

Je, atadumaa?

Hii ndiyo hofu kubwa. Wengi wamekua wakisikia kwamba mtoto akinyanyua vitu vizito hatarefuka.

Hofu hiyo ina asili yake. Mifupa mirefu ya mtoto hurefuka kupitia sehemu laini za gegedu zilizo karibu na ncha zake, ambazo hugeuka mfupa mgumu mtoto anapomaliza kukua. Sehemu hizo zikivunjika vibaya, mfupa unaweza kupinda au kubaki mfupi. Pia zilikuwapo taarifa za zamani, zikiwamo za Japani miaka ya 1960, kuhusu watoto wa vijijini waliofanyishwa kazi nzito na kubaki wafupi. Lakini kazi ya kupita kiasi kwa mtoto asiyekula vizuri haiwezi kulinganishwa na mazoezi ya dakika 20 yanayosimamiwa.

Mwaka 2014, wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja kupitia jarida la tiba ya michezo la Uingereza. Walisema hakuna ushahidi kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa na kusimamiwa vizuri huzuia ukuaji wa mtoto au kuharibu gegedu hizo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kina msimamo unaofanana. Majeraha yanayoripotiwa hutokana zaidi na mtoto kuachwa peke yake na vyuma, kubeba uzito uliomzidi, au kufanya zoezi kwa namna isiyo sahihi.

Kinachodumaza watoto wetu kinajulikana, na Haydom ni miongoni mwa sehemu zilizosaidia dunia kukielewa. Kuanzia mwaka 2009, eneo la Haydom lilikuwa moja ya vituo 8 duniani vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu wanazaliwa. Watafiti waliangalia lishe, maambukizi ya tumbo na ukuaji. Picha iliyojitokeza ni ya mtoto ambaye utumbo wake unashambuliwa na vimelea mara kwa mara, hata bila kuharisha, huku chakula chake kikiwa na upungufu wa virutubisho. Udumavu huanza mapema sana, katika miaka miwili ya mwanzo, kabla mtoto hajaruka kamba hata mara moja.

Kwa hiyo mzazi anayeogopa udumavu aanze na maji safi, choo, kunawa mikono na sahani ya chakula.

Jambo jingine la kuangalia ni miguu iliyopinda. Mikoa ya Arusha na Manyara ina maeneo yenye maji yaliyozidi madini ya floridi, ambayo hutia meno rangi ya kahawia na yakizidi sana huathiri mifupa. Ukiona miguu ya mtoto inapinda au analalamika maumivu ya mifupa, usiseme ni mazoezi na ukanyamaza. Mpeleke kituo cha afya, na uliza kuhusu maji mnayokunywa.

Ndoo ya lita 20 si kifaa cha mazoezi

Hapa turudi kwa yule mzazi aliyecheka. Je, kubeba maji si mazoezi ya nguvu?

Tupige hesabu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Mtoto wa kilo 25 akitwishwa ndoo ya lita 20, amebeba asilimia 80 ya uzito wake, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mama yake mwenye kilo 60, kwa kipimo hichohicho, angebeba kilo 48 kichwani.

Mwaka 1986, watafiti waliopima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya waligundua jambo lililowashangaza wanasayansi. Wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi kuliko wanapotembea mikono mitupu. Mzigo ulipozidi hapo, matumizi ya nguvu yalianza kupanda. Hao walikuwa watu wazima waliozoea kubeba tangu utotoni, na kilichopimwa ni nguvu zinazotumika, si usalama wa shingo au mgongo. Hata hivyo asilimia 20 ya mtoto wa kilo 25 ni lita 5 tu.

Kazi ya nyumbani ina faida yake. Inamfundisha mtoto wajibu na inamchangamsha mwili. Tofauti yake na mazoezi ni kwamba mzigo wa kazi hupangwa na mahitaji ya nyumba, wakati mzigo wa mazoezi hupangwa na uwezo wa mtoto. Ndoo haijui kama aliyeibeba ana miaka 8 au 18.

Katika bonde la Yaeda Chini, wilayani Mbulu, jamii ya Wahadzabe imekuwa ikilifahamu hili kwa njia yake. Mtoto wa kiume hupewa upinde akiwa mdogo sana, lakini ni upinde mdogo unaolingana na mkono wake. Kadiri anavyokua ndivyo anavyopata upinde mgumu zaidi, hadi afikie ule wa mtu mzima, ambao mgeni akijaribu kuuvuta hutoka jasho. Wataalamu wa mazoezi wanapoeleza kanuni ya kuongeza mzigo kidogokidogo, hawasemi zaidi ya hapo.

Basi nyumbani, mpe mtoto mdogo dumu la lita 3 au 5 aende safari mbili. Penye punda au mkokoteni, mzigo mkubwa upande huko. Na akibeba kwa mkono, awe na chombo kidogo kila upande kuliko kikubwa upande mmoja.

Kichura kisiwe adhabu

Wengi wetu tulijifunza kuruka kichura shuleni kwa sababu tulichelewa namba. Pushapu tulizipiga kwa sababu tulipiga kelele darasani. Mtoto aliyefundishwa hivyo hujua jambo moja tu kuhusu mazoezi ya nguvu: hupewa aliyekosa.

Kuna hatari nyingine. Adhabu haina kipimo wala mafunzo. Mtoto anaambiwa aruke kichura hadi aambiwe basi, magoti yamekunjwa hadi mwisho, misuli imechoka, umbo limeharibika. Huo ndio mazingira ya kuumia ambayo wataalamu wanayaonya.

Somo la michezo lipo kwenye ratiba ya shule za msingi, lakini mtihani ukikaribia kipindi chake mara nyingi ndicho cha kwanza kuliwa. Na mashindano ya UMITASHUMTA yanapokaribia, wachache wenye vipaji huwekwa kambini siku chache, wengine huwa watazamaji. Nguvu haijengwi kwa siku chache. Inahitaji wiki 8 au zaidi, na inahitajika zaidi kwa wale wanaobaki nje ya kambi.

Katika kikao cha wazazi, ni haki yako kuuliza: kipindi cha michezo kinafundishwa? Kinamhusu kila mtoto? Dakika 10 za kuruka, kusukuma na kuvuta kamba baada ya mchakamchaka hazigharimu shule chochote.

Uanzie wapi nyumbani

Umri mzuri wa kuanza ni pale mtoto anapoweza kusikiliza maelekezo na kuyafuata, kwa wengi miaka 7 au 8. Siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha, zisifuatane. Kwa mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kila kikao kisizidi dakika 20 hadi 30.

Anza na dakika 5 hadi 10 za kupasha mwili moto. Rede na kuruka kamba vinatosha. Rede pekee ina kukimbia, kukwepa na kurusha, yaani karibu kila kitu ambacho watafiti wa Ujerumani walikipima.

Kisha fuata mazoezi haya:

1. Kuketi na kuinuka. Mtoto asimame mbele ya kigoda, ashuke taratibu mpaka aguse kigoda, ainuke bila kujisukuma kwa mikono. Visigino vibaki chini, magoti yaelekee vilipo vidole vya miguu.

2. Pushapu za ukutani. Aweke mikono ukutani, mwili umenyooka kama mti, ajishushe na kujisukuma. Akizoea, ahamie kwenye benchi, na baadaye chini.

3. Kuning'inia. Tafuta tawi imara au mwamba wa goli ambao mtoto anaufikia kwa kunyoosha mikono. Uujaribu wewe kwanza. Aanze na sekunde 5, aongeze sekunde chache kila wiki.

4. Kujinyoosha kama ubao. Alale kifudifudi, ajiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, tumbo lisining'inie. Sekunde 10 mara 3 zinatosha kuanzia.

5. Kuruka na kutua. Aruke mbele kwa miguu miwili, atue kimya kama paka, magoti yamekunjwa kidogo na hayagongani. Ukisikia kishindo, hajatua vizuri.

6. Kurusha. Mpira wa nguo au kifuko cha mchanga cha nusu kilo hadi kilo 1, arushe mbali kwa mikono miwili kutoka kifuani, kisha juu ya kichwa.

Kwa yale ya kuhesabu, yaani la kwanza, la pili, la tano na la sita, wiki 2 za mwanzo afanye raundi 1 ya mara 8. Akiweza bila kuharibu umbo, aende mara 10, kisha 12, kisha raundi 2. Kwanza ajue kufanya vizuri, ndipo uongeze. Akianza kutetemeka, kubana pumzi au kupinda mgongo, hapo amefika, apumzike.

Mtu mzima awepo. Si lazima uwe mwalimu wa michezo. Kazi yako ni kuangalia, kusahihisha na kuhakikisha watoto hawashindani kwa kubeba vitu vizito. Ukifanya nao, bora zaidi, maana mgongo wako nao unayahitaji.

Siku ya kwanza, pima mambo mawili na uyaandike kwenye daftari: mtoto anaruka umbali gani kwa miguu miwili akiwa amesimama, na ananing'inia sekunde ngapi. Pima tena baada ya wiki 8. Mlinganishe na yeye mwenyewe, si na kaka yake wala mtoto wa jirani.

Zingatia pia kwamba faida hii haikai yenyewe. Tafiti zimeonyesha watoto wakiacha kabisa, nguvu waliyoongeza huanza kupotea ndani ya wiki chache. Hata mara 1 kwa wiki wakati wa mavuno ni bora kuliko kuacha.

Msichana asiachwe

Katika madarasa ya chini, wasichana na wavulana hucheza pamoja. Kufika darasa la sita au la saba, uwanja huwa wa wavulana. Msichana ana jiko, maji na mdogo wake mgongoni, na wapo wanaomwambia kuwa kuruka si heshima.

Huo ndio umri ambao mwili wake unahitaji zaidi mazoezi haya. Miaka ya balehe ndiyo mifupa hujaza akiba kubwa ya maisha, na mazoezi ya kuruka na kusukuma huisaidia. Pia wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, kama netiboli, huumia mishipa ya goti zaidi kuliko wavulana, na mafunzo ya nguvu na ya kutua vizuri yamethibitika kupunguza majeraha hayo.

Anachohitaji ni suruali ya michezo au kaptura chini ya sketi, dakika 20 ambazo hatumwi popote, na mzazi anayesema wazi kwamba ni ruhusa. Hatapata misuli ya kiume. Atapata mgongo na magoti yatakayombeba maisha yake yote.

Sahani kwanza

Misuli haijengwi kwa mazoezi pekee. Huko Ifakara, mkoani Morogoro, wanafunzi wa shule za msingi walishirikishwa katika utafiti wa KaziAfya, uliofanyika pia Ivory Coast na Afrika Kusini. Watafiti waliweka michezo shuleni na virutubisho vya nyongeza katika utafiti mmoja, kwa kuwa walielewa kwamba mwili unaofanyishwa kazi bila kulishwa haujengeki.

Manyara haina uhaba wa vyakula vya kujenga mwili. Kuna maharage, maziwa, mayai, kuku, ngano na mahindi. Tatizo huja gunia lote linapopelekwa mnadani na nyumbani kubaki ugali na mlenda siku nzima. Kabla ya kuuza, tenga maharage ya watoto. Kikombe cha maziwa au yai baada ya mazoezi kina thamani kuliko soda.

Mtoto aliyetoka nyumbani bila kifungua kinywa na kurudi saa kumi bila kula, asifanyishwe mazoezi kabla ya chakula. Penye mpango wa uji au makande shuleni, mchango wako ndio zoezi la kwanza la nguvu. Usingizi nao uhesabiwe: mwanafunzi wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku.

Wakati wa kusimama

Misuli kuuma kidogo siku inayofuata ni kawaida. Maumivu ndani ya kiungo, uvimbe, kuchechemea, kizunguzungu au maumivu ya kifua si kawaida. Simamisha mazoezi na umpeleke mtoto kwa mhudumu wa afya. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo, pumu au kifafa aonwe na daktari kwanza, apewe maelekezo yanayomfaa. Wengi wao wanaweza kushiriki kwa kiwango chao, na kuwafungia ndani si tiba.

Wiki hii, kabla ya kununua kitu chochote, fanya mambo matatu. Punguza ndoo ya mtoto. Tafuta tawi imara la kuning'inia. Chora mstari uani, mwambie aruke, uandike tarehe na umbali.